Majumba ya Mwaka 1973, na Choo cha Kijijini

Somo letu la leo ni juu ya ujenzi. Tumechagua mwaka mmoja tu, mwaka 1973. Kwa nini mwaka huo? Kwa sababu ndani ya miezi 12 mambo mengi ya ujenzi yalitokea kwa mkupuo. Lilifunguliwa jumba la muziki ambalo picha yake inajulikana dunia nzima. Minara ya New York na Chicago ilishindana kwa urefu. Nairobi ilipata jumba lake la mikutano. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya Tanzania. Na vijijini mwetu watu karibu milioni 2 walikaa chini kusikiliza redio, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo.

Wazee waliokuwepo watakumbuka. Vijana wawaulize.

Kwa kila jengo tutauliza maswali yale yale anayoulizwa fundi wa kijijini: ramani iko wapi, fedha zinatoka wapi, na yule atakayekaa humo ameulizwa? Neno moja tulieleze kwanza. Msanifu wa majengo ni mtu anayelifikiri jengo na kulichora kabla halijajengwa. Fundi hujenga, msanifu huchora. Kwetu mara nyingi fundi ndiye huyo huyo msanifu, na ramani huchorwa kwa kijiti mchangani. Hilo siyo kosa. Kosa ni kuanza kuchimba msingi hata kijiti hakijashikwa.

MSONGE WA ZEGE

Tuanze kwa jirani. Mwezi Septemba 1973 Rais Jomo Kenyatta alifungua jumba kubwa katikati ya Nairobi, linaloitwa Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta. Mnara wake una ghorofa 28 na urefu wa mita 105 hivi. Mita 105 ni kiasi gani? Uwanja wa mpira wa kawaida, kutoka goli hadi goli, ni mita 105. Sasa uchukue uwanja huo usimame wima, goli moja chini na jingine mawinguni. Hapo umepata mnara wa Nairobi.

Waliolichora jumba hilo ni Karl Henrik Nøstvik, mtu wa Norway, na David Mutiso, Mkenya. Kando ya mnara kuna ukumbi wenye paa lililochongoka kama nyumba ya msonge, na kuta zina rangi ya udongo mwekundu. Mtu wa shamba akifika pale, hata kama hajapanda ghorofa maishani mwake, atasema: hii naifahamu, hii ni nyumba ya bibi yangu, ila imejengwa kwa zege. Sisi tunaona hilo lilikuwa jambo jema. Majumba mengi ya miji yetu yamenakiliwa kutoka nchi za baridi, na mtu huingia humo akijiona mgeni.

Mwezi huo huo wa Septemba, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walifanya mkutano wao wa mwaka hapo Nairobi. Rais wa Benki ya Dunia wa wakati ule, Robert McNamara, alitoa hotuba akisema kwamba maendeleo hayajawafikia maskini wa vijijini, na kwamba mkulima mdogo ndiye anayestahili kusaidiwa. Basi wakulima wa msonge wa nyasi walitajwa sana Nairobi, ingawa wao wenyewe hawakualikwa.

JUMBA LILILOMEZA MILIONI 102

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 20 Oktoba 1973, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua jumba la muziki na maigizo katika mji wa Sydney, nchini Australia. Limejengwa ukingoni mwa bahari. Mapaa yake ni meupe, yamepanda juu na kujikunja kama matanga ya jahazi yaliyoshiba upepo. Ni jumba zuri mno. Lakini hadithi ya ujenzi wake ina mafunzo kuliko uzuri wake, kwa hiyo hapa tutakaa kidogo.

Serikali ya pale iliitisha mashindano ya kuchora. Michoro 233 ililetwa. Mwaka 1957 akashinda msanifu kutoka Denmark, jina lake Jørn Utzon. Makisio yalikuwa dola milioni 7 za Australia, na ikasemwa kazi itakwisha mwezi Januari 1963. Ujenzi ukaanza mwezi Machi 1959. Kumbe wakati huo hakuna aliyejua bado jinsi ya kuyasimamisha yale mapaa! Mchoro ulikuwepo, lakini hesabu za mapaa hazikuwepo. Viongozi walikuwa na haraka, maana waliogopa wananchi watabadili mawazo na fedha zitaelekezwa kwingine. Wakaamuru msingi uanze.

Matokeo yake mnayaweza kuyakisia. Hesabu za mapaa zilipokuja kupatikana, nguzo zilizokwisha kujengwa chini zilikuwa dhaifu, hazikuweza kubeba mzigo. Ikabidi zijengwe upya. Hata kwetu ipo hiyo. Kuta zinapanda mpaka linta, halafu ndipo watu wanaulizana bati ni za futi ngapi na kenchi zitalalia wapi.

Fumbo la mapaa Utzon alilifumbua mwaka 1961. Chukua chungwa. Limenye kwa kisu vipande vikubwa na vidogo. Kila ganda lina umbo lake, lakini yote yana mviringo mmoja, kwa sababu yametoka katika chungwa moja. Utzon aliamua mapaa yote yawe kama maganda ya chungwa moja kubwa sana. Faida yake nini? Kama mviringo ni mmoja, unaweza kutengeneza vibao vichache vya kumwagia zege, ukavitumia tena na tena. Ni kama unavyofyatua tofali elfu moja kwa kibao kimoja. Kabla ya hapo kila kipande kingedai kibao chake, na nani angelipa? Juu ya zege hilo vikabandikwa vigae zaidi ya milioni moja.

Lakini fedha zilikwisha vuka mpaka. Mwaka 1965 ikaingia serikali nyingine, ikaanza kubishana na msanifu juu ya michoro na malipo. Mwezi Februari 1966 Utzon akajiuzulu, akarudi kwao Denmark. Wasanifu wengine walimalizia sehemu za ndani. Siku ya ufunguzi hakuwepo. Alifariki mwaka 2008, na tangu alipoondoka Australia hakurudi kuliona jumba lake kwa macho likiwa limekwisha, ingawa baadaye pande mbili zilipatana na mwanawe akashiriki katika kazi za kulitengeneza.

Sasa hesabu. Makisio milioni 7. Gharama ya mwisho milioni 102. Chukueni kalamu mgawanye: ni zaidi ya mara 14. Muda nao, badala ya 1963 ikawa 1973, yaani miaka 10 ya kuchelewa. Tuseme kijiji kimekusanya michango ya mifuko 7 ya saruji kwa darasa, kisha darasa likameza mifuko 102. Mwenyekiti angesalimika kweli? Sydney walisalimika kwa sababu walikuwa na bahati nasibu. Serikali iliuza tikiti miaka mingi, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka huko. Kijiji hakina bahati nasibu. Ndiyo maana nchi yetu imejaa maboma, yaani kuta za madarasa na zahanati zilizosimama bila paa, mvua inazipiga mwaka hata mwaka, na watoto wanacheza komborela ndani.

Wako watakaosema: mbona leo jumba la Sydney ni fahari ya dunia, na tangu mwaka 2007 limo katika orodha ya urithi wa dunia? Ni kweli. Hatulikatai. Tunasema tu kwamba tajiri anaweza kukosea mara 14 na bado akasifiwa.

UPEPO NA MIANZI TISA

Huko Marekani mwaka huo walikuwa wanapanda juu. Tarehe 4 Aprili 1973 ilizinduliwa minara miwili ya Kituo cha Biashara cha Dunia mjini New York, iliyochorwa na Minoru Yamasaki. Kila mmoja ulikuwa na ghorofa 110. Ndiyo minara iliyoangushwa kwa ndege tarehe 11 Septemba 2001, na maelfu ya watu wakafa. Mwezi mmoja baada ya uzinduzi huo, mwezi Mei 1973, mnara wa Sears mjini Chicago ulifikia kimo chake cha mwisho, mita 442. Ulikaa zaidi ya miaka 20 bila jengo la kuupita duniani. Siku hizi unaitwa Willis.

Tunaoutaka sisi ni ujuzi uliomo ndani ya mnara wa Chicago. Mtu hudhani adui wa jengo refu ni uzito. Uzito ni adui, ndiyo, lakini jengo likizidi kupanda adui mkubwa anakuwa upepo. Unalisukuma ubavuni kama unavyosukuma mlingoti. Mhandisi wa mnara huo alikuwa Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh ya leo. Alifanya hivi. Mwanzi mmoja ukiusimika peke yake, upepo unauyumbisha. Mianzi tisa ukiifunga pamoja iwe kitita, inasimama. Khan alichukua majengo tisa membamba ya pembe nne, akayabana pamoja yawe jengo moja. Mengine yanaishia njiani, mawili tu ndiyo yanafika juu kabisa. Hata ukiona picha yake utaona ngazi ngazi hizo. Kwa namna hiyo walitumia chuma kidogo kuliko ambavyo wangetumia kwa njia ya zamani.

Sisi hatujengi ghorofa 110. Lakini upepo tunaujua, unang'oa bati usiku. Fundi anayepigilia misumari mitatu kwenye bati zima, halafu hafungi kenchi kwa waya kwenye ukuta, hajui huyu adui.

MLANGO ULIOFUNGWA

Tukio jingine la mwaka ule ni la huzuni, nalo tunaliandika kwa makusudi. Kati ya Uingereza na Ireland kuna kisiwa kinachoitwa Man. Mwaka 1971 lilifunguliwa huko jumba kubwa la starehe, Summerland. Sehemu kubwa ya kuta na paa lake haikuwa kioo bali plastiki inayopitisha mwanga kama kioo. Jioni ya tarehe 2 Agosti 1973 kulikuwa na watu karibu 3,000 ndani. Nje, wavulana waliokuwa wakivuta sigara waliwasha moto katika kibanda kidogo kilichokuwa karibu na ukuta. Moto ukashika ukuta, ukafika kwenye plastiki, ukapanda mpaka paani kwa muda mfupi sana. Watu wakakimbilia milango ya dharura. Baadhi ya milango hiyo ilikuwa imefungwa. Walikufa watu 50.

Nyumba zetu hazina plastiki ya namna hiyo. Lakini tazameni bweni la shule lenye mlango mmoja, na madirisha yamewekewa nondo ili mwizi asiingie. Mwizi hataingia, kweli. Na mtoto atatokaje? Mlango wa mahali pa watu wengi, iwe bweni, ukumbi, msikiti au kanisa, unapaswa kufunguka kwa nje. Ukifunguka kwa ndani, watu wakiusukuma wote kwa pamoja haufunguki, wanajifungia wenyewe. Na milango iwe miwili, pande mbili tofauti. Gharama yake ni bawaba na mbao chache.

UDONGO WA MISRI

Mwezi Oktoba 1973 kulizuka vita Mashariki ya Kati, na nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta. Kabla ya hapo pipa moja lilikuwa dola 3 hivi. Kufika Januari 1974 lilikaribia dola 12. Petroli ikapanda, na kila kinachobebwa na lori kikapanda nayo: saruji, bati, misumari. Majumba ya vioo ya nchi tajiri, yanayopozwa kwa mashine mchana kutwa, yakaanza kula fedha zaidi.

Mwaka huo huo wa 1973 kilitoka Marekani kitabu cha msanifu wa Misri, Hassan Fathy, kilichozungumzia ujenzi kwa ajili ya maskini. Kilikuwa kimekwisha chapwa Cairo mwaka 1969, lakini sasa kikasomwa dunia nzima. Fathy alizaliwa mwaka 1900, akafa mwaka 1989. Neno lake lilikuwa moja: mkulima anakanyaga kila siku kitu cha kujengea, nacho ni udongo.

Tofali zake hazikuchomwa. Udongo, mchanga kidogo, majani makavu yaliyokatwakatwa, maji, kisha jua. Kuta nene za namna hiyo huchelewa kupata moto mchana. Ugumu ulikuwa paa. Misri haina miti ya kutosha, boriti ni ghali, bati inaunguza. Fathy akawatafuta waashi wa Nubia, upande wa Aswan, waliokuwa bado wanajua ufundi wa babu zao wa kujenga paa la tofali tupu, bila boriti na bila mbao za kuegemeza. Wanafanyaje? Wanajenga kwanza ukuta wa mwisho wa chumba uende juu. Halafu wanapanga tofali nyembamba katika umbo la upinde, ule upinde umeegemea ukuta. Upinde wa pili unaegemea wa kwanza, wa tatu unaegemea wa pili, na matope ndiyo yanayoshikiza. Hivyo hivyo mpaka chumba chote kimefunikwa. Ni kama watu wanaoegemeana migongo kwenye foleni.

Kwa ufundi huo Fathy alianza mwaka 1945 kujenga kijiji kipya karibu na Luxor, kinachoitwa Gourna Mpya. Alijenga msikiti, soko, shule na nyumba zenye ua wa kivuli. Picha zake zinapendeza mpaka leo. Lakini watu hawakutaka kuhamia! Walikuwa wanakaa juu ya makaburi ya kale ya wakubwa wa Misri, na wengi walipata riziki kwa kuuza vitu vya kale. Serikali ndiyo iliyotaka wahame, siyo wao. Tena wengine walisema paa la kuba ni la kaburi, maana ndivyo ilivyo desturi ya huko. Kazi ilisimama kabla hata nusu haijakwisha. Fathy hakuificha aibu hiyo, aliiandika kitabuni. Kwa hilo tunampa heshima kuliko kwa kuba zake.

Jambo jingine tulijue kuhusu Gourna Mpya: nyumba nyingi zimeharibika kwa sababu ya maji yanayopanda kutoka ardhini pamoja na chumvi. Nyumba ya udongo haiogopi jua. Inaogopa maji, ya chini na ya juu. Ipe msingi wa mawe ulioinuka kutoka ardhini na paa lenye upenu mrefu, itakuzika. Ukiinyima hivyo viwili, wewe ndiye utakayeizika.

Kama bado unadhani udongo ni umaskini, turuke mbele kidogo. Mwaka 2001 ilimalizika shule ya msingi ya kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Aliyeichora ni kijana wa kijiji hicho hicho, Francis Kéré, na waliojenga ni wanakijiji wenyewe. Tofali ni za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati limeinuliwa juu, mbali na dari, ili upepo upite katikati uondoe joto. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika kazi ya usanifu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

KWETU

Turudi mwaka 1973, sasa nyumbani. Mwezi Oktoba chama cha TANU kiliamua makao makuu yahame kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Dodoma ni nchi ya Wagogo, wajenzi wa tembe, nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo, inayofaa mahali penye mvua chache. Uhamaji wenyewe ulichukua muda mrefu. Serikali ilianza kuhamia kwa wingi mwaka 2016, miaka 43 baada ya uamuzi. Ile Mamlaka ilivunjwa mwaka 2017, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Kwa hiyo tusiwacheke sana watu wa Sydney na miaka yao 10.

Mwezi Novemba 1973 likaja agizo zito zaidi: watu wote wa vijijini wawe wanakaa katika vijiji kufikia mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihama. Tukisema ujenzi wa mwaka ule na miaka iliyofuata, basi ujenzi mkubwa Tanzania haukuwa wa zege. Ulikuwa wa fito, matope na nyasi, nyumba kwa nyumba, zimepangwa mistari. Wako waliohama kwa hiari, wakapata shule, bomba na zahanati karibu. Wako waliopakiwa kwenye malori na vyombo vyao, wakateremshwa porini mvua ikinyesha, na mahali pengine nyumba za zamani zilichomwa ili wasirudi. Yote mawili yalitokea, na wazee wetu wanayasimulia yote mawili. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameandika mwaka 1968 kwamba maendeleo ya watu hayaji kwa kulazimishwa. Mtu aliyesoma habari za Gourna anaweza kuuliza kwa nini mistari ile ya nyumba mahali pengine imebaki mpaka leo na mahali pengine watu walirudi taratibu kwenye mashamba yao.

Lakini mwaka huo huo lilifanyika jambo ambalo watu hawakupakiwa kwenye lori kulifanya. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Radio Tanzania ilitangaza vipindi, vikundi vya watu wazima vikakusanyika kusikiliza, kiongozi akasoma kitabu kwa sauti, halafu wakajadiliana. Wiki 12. Walizungumza juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu. Walioshiriki walikuwa karibu milioni 2. Na mpango ulikuwa kwamba kikundi hakiishii kwenye maneno. Baada ya majadiliano mnaamua la kufanya, mnalifanya wiki hiyo hiyo. Wakafyeka majani, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Hakuna malkia aliyekuja kukata utepe. Tunasema choo ni jengo kamili: lina msingi, kuta, paa na mlango, na likijengwa vibaya linaua.

Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini wa mteremko, ili uchafu usifuate maji ya kunywa. Shimo lisifike kwenye maji ya ardhini. Tundu liwe na mfuniko. Hayo wengi tunayajua tangu kampeni ile. Kilichobaki kutusumbua ni harufu na nzi.

Dawa yake ilipatikana mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Mtafiti Peter Morgan na wenzake wa maabara ya Blair walitengeneza choo chenye bomba la hewa. Bomba linatoka shimoni, linapanda kando ya ukuta mpaka juu ya paa, na mdomoni linafungwa wavu wa waya. Upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa kutoka shimoni, na hewa safi inaingia kupitia kwenye tundu. Harufu inapanda na bomba, haikai chooni. Na nzi je? Ndani ya choo muwe na giza. Nzi aliyeko shimoni hufuata mwanga, na mwanga anaouona ni ule wa juu ya bomba. Anapanda, anagonga wavu, anafia hapo. Choo cha namna hii tundu lake halifunikwi, kwa sababu ukilifunika umezuia hewa kuzunguka. Yule upepo aliyemsumbua Fazlur Khan kule Chicago, hapa amepewa kazi ya kufanya.

Bomba si lazima linunuliwe. Zimbabwe wengi walilijenga kwa tofali, na wengine kwa matete yaliyopakwa saruji. Wavu ndio wa kununua, na uwe wa kitu kisichoshika kutu upesi, maana mvuke wa shimo unakula waya wa kawaida. Ukitoboka, nzi wote wanatoka.

MASWALI YA KIKUNDI

Je, katika kijiji chenu kuna boma la darasa au zahanati lisilokwisha? Andikeni makisio ya mwanzo, fedha zilizokwisha tumika na zinazobaki. Gawanyeni kama tulivyofanya kwa jumba la Sydney.

Nendeni kwenye ukumbi, shule au nyumba ya ibada. Hesabuni milango. Mingapi inafunguka kwa nje?

Muulizeni mzee mmoja aliyehama kati ya mwaka 1973 na 1976: nyumba yake ya kwanza kijijini ilijengwa kwa nini, ilichukua siku ngapi, na nani alimchagulia mahali?

Pimeni kwa hatua kutoka choo chenu hadi kisima cha karibu. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja.